Kurejea Kutafuta Metali Ardhini: Mambo ya Kufahamu Kabla ya Kuwasha Ditekta Chapwa

Mwananchi aliyenunua kifaa cha kugundua metali miaka kumi au zaidi iliyopita, akakitumia kwa muda kisha akakiweka stoo, akiamua leo kukitoa na kurejea katika mashamba na mabonde ya Kata ya Chapwa, Halmashauri ya Mji wa Tunduma, atakuta mambo mengi yamebadilika. Mkoa wa Songwe wenyewe ulianzishwa mwaka 2016 kwa kumegwa kutoka Mkoa wa Mbeya. Mfumo wa usimamizi wa madini ulifanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2017, na vifaa vyenyewe, ambavyo wachimbaji wadogo huviita ditekta, vimekuwa vyepesi na vyenye uwezo zaidi.

Jambo la msingi ambalo halijabadilika ni kwamba sheria haitazami nia ya mtu anayetembea na ditekta, bali hutazama anachokitafuta na anachokichimba. Mtu anaweza kusema anajiburudisha siku ya Jumapili. Hata hivyo, kwa mujibu wa Sheria ya Madini, Sura 123, madini yote yaliyomo ardhini ni mali ya Jamhuri ya Muungano, na hakuna anayeruhusiwa kuyatafuta au kuyachimba bila leseni, hata kama shamba ni la kwake. Hati ya ardhi humpa mmiliki haki ya kulima na kujenga. Haimpi dhahabu iliyo chini ya mihogo yake.

Songwe ni mkoa wa dhahabu, na hapo ndipo burudani hugeuka kuwa biashara bila mhusika kutambua. Eneo la dhahabu la Lupa, ambako dhahabu ya mchanga iligunduliwa mwaka 1922, linaanzia Chunya mkoani Mbeya na kuingia Wilaya ya Songwe, na mgodi wa zamani wa Saza upo katika wilaya hiyo. Wachimbaji wa maeneo ya Mkwajuni na Saza hutumia ditekta kama chombo cha kazi. Anayekusudia kuifanya kazi hiyo anapaswa kufika katika ofisi ya Afisa Madini Mkazi na kuomba leseni ya uchimbaji mdogo, ambayo hutolewa kwa Watanzania pekee, hudumu kwa miaka 7 na inaweza kuhuishwa. Asiye na leseni yake anaweza kufanya makubaliano na mwenye leseni, na ni busara makubaliano hayo yawe ya maandishi.

Aliyeiacha shughuli hii kabla ya mwaka 2019 anapaswa pia kufahamu kuwa njia ya kuuza dhahabu si ile aliyoizoea. Masoko ya madini yalianza kufunguliwa mwaka huo, la kwanza likiwa la Geita mwezi Machi, na dhahabu inauzwa katika masoko hayo au vituo vya ununuzi vilivyoidhinishwa. Kwa mkazi wa Chapwa, aliye karibu na mpaka wa Nakonde, kishawishi cha kuvuka na punje chache mfukoni kipo daima. Kufanya hivyo bila kibali cha kusafirisha madini ni utoroshaji, hata kama punje hizo zinaenea katika kifuniko cha soda.

Upande wa pili wa suala hili ni vitu vya kale. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964, Sura 333, inalinda vitu vilivyotengenezwa na binadamu kabla ya mwaka 1863 pamoja na maeneo yaliyotangazwa kuwa ya kihistoria, na uchimbaji wa kutafuta vitu hivyo huhitaji kibali. Anayekiokota kitu cha aina hiyo kwa bahati anatakiwa kutoa taarifa. Mkoani Songwe mfano unaojulikana zaidi ni Kimondo cha Mbozi kilichopo kijiji cha Ndolezi, kinachokadiriwa kuwa na uzito wa tani 16, ambacho takribani asilimia 90 yake ni chuma na sehemu kubwa ya kilichobaki ni nikeli. Wenyeji walikifahamu muda mrefu kabla ya mpima ardhi W. H. Nott kukitangaza kwa ulimwengu mwaka 1930. Ditekta yoyote italia kwa nguvu mahali hapo, na hiyo si sababu ya mtu kuchukua patasi akamegue kipande.

Hata hivyo, kinachowarudisha wengi kwenye ditekta katika nyanda za juu kusini si kimondo wala punje za mtoni. Ni simulizi za mali ya Mjerumani: masanduku ya dhahabu na rupia yanayodaiwa kufukiwa chini ya mti, jiwe lenye alama au magofu ya boma. Simulizi hizo zimeteketeza akiba za familia nyingi, na zinastahili kupimwa kwa hesabu.

Ni kweli kwamba vita vilipita hapa. Mwanzoni mwa Novemba 1918 kikosi cha Jenerali Paul von Lettow-Vorbeck kilivuka mpaka na kushambulia kituo cha Waingereza cha Fife, si mbali na Nakonde ya leo, kisha kikaelekea Kasama na hatimaye kusalimu amri Abercorn, sasa Mbala nchini Zambia, tarehe 25 Novemba 1918. Ni kweli pia kwamba Wajerumani walitengeneza sarafu za dhahabu. Mwaka 1916, katika karakana ya reli ya Tabora, zilipigwa sarafu za rupia 15 zenye picha ya tembo, kwa dhahabu iliyotoka mgodi wa Sekenke.

Idadi ya sarafu hizo inajulikana: ni zaidi kidogo ya 16,000. Kila moja ilikuwa na uzito wa takribani gramu 7.2, robo tatu yake ikiwa dhahabu safi. Sarafu zote zilizowahi kupigwa Tabora, zikikusanywa pamoja, zina dhahabu isiyofika kilo 90, na nyingi zimo mikononi mwa wakusanyaji sarafu duniani. Masanduku yanayosimuliwa vijijini, yakijumlishwa, yangehitaji dhahabu mara nyingi ya hiyo. Aidha, kikosi kilichofika Fife kilikuwa kimetembea kwa miaka kikibeba risasi na chakula kwa vichwa vya wapagazi, na askari wake Waafrika walimaliza vita wakidai mishahara yao. Jeshi lenye masanduku ya dhahabu halikosi cha kuwalipa askari wake.

Kinachoweza kuokotwa kweli ni maganda ya risasi, vifungo vya sare, na sarafu ndogo za heller, ambazo ndizo zilizokipatia Kiswahili neno hela. Vitu hivyo vina thamani kwa historia ya eneo kuliko kwa sonara, na vikiondolewa mahali vilipolala bila kumbukumbu, sehemu kubwa ya thamani hiyo hupotea.

Matapeli huitumia simulizi hiyo kwa njia mbili. Wapo wanaouza rupia bandia, na wapo wanaokodisha au kuuza mashine zinazodaiwa kuona dhahabu mita 30 chini ya ardhi au kilomita kadhaa mbele. Ditekta halisi haifanyi hivyo. Koili yake hutoa uga wa sumaku unaobadilika kwa kasi. Uga huo ukikutana na metali huzalisha umeme mdogo ndani ya metali hiyo, na mashine huusikia. Nguvu ya uga hupungua haraka kadiri kina kinavyoongezeka, hivyo sarafu moja kwa kawaida hugundulika katika sentimita 20 hadi 30 tu, na punje ndogo ya dhahabu katika kina kidogo zaidi. Fimbo yenye antena isiyo na koili ni mchezo. Mwaka 2013 mahakama ya London ilimhukumu mfanyabiashara James McCormick kifungo cha miaka 10 kwa kuuza nchi mbalimbali, ikiwemo Iraki, vifaa vya kugundua mabomu ambavyo asili yake ilikuwa kichezeo cha kutafutia mipira ya gofu. Ikiwa serikali za nchi zilitapeliwa kwa fimbo ya namna hiyo, mkulima wa mahindi hana sababu ya kuona aibu kutoa taarifa polisi.

Kwa anayeitoa mashine yake ya zamani stoo, betri ndizo za kukaguliwa kwanza, kwa kuwa zilizovuja huharibu viunganishi, kisha waya wa koili. Udongo mwekundu wa Chapwa una chuma kingi, na mashine ya zamani ya masafa mamoja inaweza kulia ovyo hadi isawazishwe na ardhi husika. Mashine mpya nyingi hutumia masafa mengi kwa pamoja na huvumilia udongo huo vizuri zaidi.

Suala la usalama halina mjadala. Tarehe 8 Novemba 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, Mkoa wa Kagera, bomu lililookotwa na mwanafunzi aliyedhani ni chuma chakavu lililipuka, likaua wanafunzi na kujeruhi makumi ya wengine. Ditekta haitofautishi bomu na jembe. Chapwa ipo katika ukanda uliopitiwa na vita, hivyo kitu chochote kizito chenye umbo la yai, mcheduara au chenye mapezi kisiguswe, kisigongwe wala kisipelekwe kwa mnunuzi wa chuma chakavu.

Vilevile yapo maeneo ambayo mlio wa mashine ni onyo. Bomba la mafuta la TAZAMA, lenye urefu wa kilomita 1,710 kutoka Dar es Salaam hadi Ndola, hupita mkoani Songwe kuelekea Zambia, na tangu mwaka 2023 linasafirisha dizeli. Hifadhi ya bomba hilo, ya reli ya TAZARA, ya barabara kuu na njia za mabomba ya maji hazichimbwi na mtu binafsi kwa sababu yoyote.

Anayepata kitu, aache kuchimba, aweke alama mahali hapo na awazuie watoto kusogea. Kinachoshukiwa kuwa mlipuko kitolewe taarifa polisi kwa namba 112. Kitu cha kale kitolewe taarifa ofisi ya mtaa au ya Mkuu wa Wilaya, ili kiwafikie wataalamu wa malikale wa Wizara ya Maliasili na Utalii kikiwa bado hakijasafishwa. Kinachoonekana kuwa dhahabu kipelekwe kwa Afisa Madini Mkazi, ambaye ndiye pia wa kuulizwa kama eneo husika lina leseni ya mtu mwingine, na swali hilo ni vema likaulizwa kabla ya jembe kugusa ardhi.