Koili Mpya ya Jiko la Umeme: Ipime Kabla ya Kuiwasha

Jiko dogo la umeme, lile lenye koili iliyolazwa wazi katika mifereji ya kigae, limekuwa msaada mkubwa kwa familia nyingi za mjini. Mama anayewahi zamu ya asubuhi hulichomeka, akachemsha uji wa watoto, kisha akaenda kazini. Lakini koili haidumu milele. Siku moja huungua ikakatika, na hapo mwenye jiko huwa na njia mbili: kununua koili mpya dukani, au kumpelekea fundi aunge ile iliyokatika. Njia zote mbili zina hatari isiyoonekana kwa macho, nayo ndiyo tunayokusudia kuieleza leo.

Koili hutengenezwa kwa waya wa nikromu, yaani mchanganyiko wa nikeli na kromiamu, ambao Mmarekani Albert Marsh aliusajili kuwa uvumbuzi wake mwaka 1906. Waya huo huukinza umeme unaopita, na katika kuukinza hupata moto hata ukawa mwekundu. Ukinzani huo hupimwa kwa omu, kipimo kilichopewa jina la Mjerumani Georg Simon Ohm, aliyechapisha kanuni yake mwaka 1827. Kanuni yenyewe ni nyepesi: ukinzani ukipungua, umeme unaopita huongezeka.

Tuchukue mfano. Umeme unaofika majumbani mwetu Tanzania ni wa volti 230. Jiko la wati 1,000 huhitaji koili ya omu 53 hivi, nalo huvuta ampea 4.3. Koili ikikatika, fundi akatupa robo yake iliyoungua na kuivuta iliyobaki ili ienee, ukinzani hushuka hadi omu 40 hivi. Jiko sasa huvuta ampea 5.8, na lile lililokuwa la wati 1,000 limekuwa la wati 1,300 na zaidi. Mwenyewe hufurahi kuona chai ikichemka upesi, wala hajui kwamba waya wa jiko lake umebebeshwa mzigo usio wake. Na kama dukani aliuziwa koili ya wati 2,000 badala ya ile ya 1,000, jiko huvuta ampea 8.7, yaani maradufu.

Wapo watakaosema kwamba fyuzi itawaokoa. La hasha! Fyuzi ya ampea 13 iliyomo katika plagi haikatiki kwa ampea 8.7. Lakini waya mwembamba wa milimita za mraba 0.75, unaofungwa katika majiko mengi madogo, umekusudiwa kubeba ampea 6 tu. Waya huo hupata joto, mpira wake hulainika, na moto waweza kuanza nyuma ya kabati huku fyuzi ingali nzima.

Kinga yake ni kupima, na chombo chake ni mita ndogo ya fundi yenye alama ya omu. Kwanza tafuta tarakimu inayotakiwa: gawa 52,900 kwa wati zilizoandikwa kwenye jiko. Jiko la wati 600 hupata omu 88; la wati 1,500 hupata omu 35; la wati 2,000 hupata omu 26. Kisha chomoa jiko ukutani, uliache lipoe kabisa. Kamwe usipime omu katika kitu kilichochomekwa.

Weka mita kwenye omu 200. Gusanisha ncha zake mbili, na tarakimu ndogo itakayoonekana uitoe katika hesabu yako. Halafu gusa miisho miwili ya koili. Upungufu wa omu 2 au 3 usikutie hofu, kwa kuwa ukinzani hupanda kidogo koili inapopata moto. Lakini ukitegemea 53 ukakuta 40 au 26, koili hiyo si ya jiko lako. Mita isiposoma kitu, koili imekatika. Ikisoma karibu na sifuri, usithubutu kuichomeka.

Koili ikishafungwa, kuna kipimo cha pili. Washa swichi ya jiko, plagi ikiwa bado mkononi mwako. Geuza mita kwenye kiwango cha juu kabisa cha omu. Ncha moja igusane na bati la jiko, nyingine iguse pini mbili za umeme, moja baada ya nyingine. Mita isisome kitu. Ikisoma, umeme una njia ya kufika kwenye bati, na mtoto atakayeligusa akiwa peku juu ya sakafu yenye maji yuko hatarini. Hata mita ikinyamaza, waya wa ardhi lazima uwe umefungwa, maana mita ndogo haigundui kila hitilafu.

Kama huna mita, mwombe muuza duka au fundi apime mbele yako kabla hujalipa. Fundi mwema hatachukizwa na ombi hilo. Na koili iliyokatika usikubali iungwe: ibadilishe yote. Tofauti ya bei ni ndogo, na wanaolala chumba cha pili ni watoto wako.