Kamba ya Ubao: Rafiki au Adui?

Sisi wa Lanet tuko mbali na bahari, lakini mchezo wa kuteleza majini kwa tiara unachezwa humu humu nchini, kule Diani na Watamu, pepo za kaskazi na kusi zinapovuma. Mchezaji husimama juu ya ubao, akavutwa na tiara kubwa. Je, aufunge ubao mwilini kwa kamba?

Wengi watasema ndiyo, manake akianguka ubao hautapotea. Lakini ngojeni kidogo. Akianguka, tiara huendelea kumvuta, nao ubao hubaki nyuma ukizuiwa na maji. Kamba huvutika kama mpira wa manati, halafu ikirudi humrushia ubao kichwani. Huko Marekani, Jack O'Neill alipoteza jicho mwaka wa 1971 kwa kamba ya namna hiyo akiteleza mawimbini, na hakuwa hata na tiara!

Kwa hivyo walimu wengi wa mchezo huu huikataza. Humfundisha mwanafunzi kulala majini, avutwe na tiara mpaka aufikie ubao. Kamba ya tiara yenyewe ni lazima, manake tiara iliyoponyoka huweza kuumiza watu ufuoni.

Ubao ukipotea, basi. Heri nusu shari kuliko shari kamili.