Tembea Uone, Lakini Anzia Kwenu

Wahenga wetu hawakuafikiana juu ya safari. Yupo aliyesema tembea uone, na yupo aliyeonya kwamba mtembezi hula miguu yake. Kwa muda mrefu mimi nilikuwa mfuasi wa huyo wa pili. Nilifundisha Historia na Kiswahili katika shule ya upili kusini mwa Nyanza kwa miaka 11, na muda huo wote nilisadiki kwamba mwalimu mwenye kitabu kizuri, chaki na sauti ya kutosha hana haja ya kwenda kokote. Aliyenitoa katika imani hiyo ni mzee mmoja niliyekutana naye mnadani Nizwa, nchini Oman, na swali lake moja lililonishinda kulijibu.

Nilifika Muscat mwaka 2014 kwa mkataba wa miaka miwili wa kufundisha katika shule ya kibinafsi. Huko mwisho wa juma si Jumamosi na Jumapili kama kwetu. Hadi mwaka 2013 mapumziko yao yalikuwa Alhamisi na Ijumaa; tangu Mei mwaka huo wakahamia Ijumaa na Jumamosi. Jumapili, wakati jamaa zangu nyumbani wakielekea kanisani, mimi nilikuwa mbele ya darasa. Miezi mitatu ya mwanzo sikujua nizifanyie nini siku hizo mbili za mapumziko. Nilifua nguo, nikasahihisha madaftari, nikalala, nikaamka, nikapiga simu nyumbani, nikalala tena.

Walimu wenzangu waliotoka Uingereza, Uhindi na Afrika Kusini hawakuwa hivyo. Kila mmoja alikuwa na orodha ya ngome, milima, mabonde na fuo alizokusudia kuziona kabla ya mkataba wake kwisha, na wengine waliibandika orodha hiyo kwenye mlango wa jokofu. Mmoja wao, mwalimu wa Hisabati, alinikuta nikilalamikia upweke, akanipigia hesabu. Miaka miwili, alisema, ina miisho ya juma 104, na mimi nilikuwa nimekwisha kuipoteza 13.

Hesabu ile iliniuma. Nakiri kwamba si kila Mkenya aliyekuwa huko angeweza kuipiga. Niliwahi kuzungumza dukani na binti mmoja kutoka kwetu aliyekuwa mtumishi wa nyumbani. Alikuwa na mwaka wa tatu Muscat, na alichokijua cha mji huo ni jikoni, roshani na njia ya dukani. Yeye hakuwa na mwisho wa juma hata mmoja. Basi nikaona kwamba siku ya mapumziko ni neema, na mwenye kuilalia neema usingizi hana haki ya kulalamika. Ijumaa iliyofuata nikapanda gari la yule mwalimu wa Hisabati, tukaondoka alfajiri.

Kutoka Muscat hadi Nizwa ni kiasi cha kilomita 160, barabara ikipita katikati ya milima mikavu isiyo na hata kichaka. Kila Ijumaa asubuhi pana mnada wa mifugo. Wauzaji huwazungusha mbuzi na ng'ombe katika duara, na wanunuzi hukaa ndani na nje ya duara hilo, wakiwapapasa wanyama na kutaja bei wakati wao wakipita. Nilikuwa nimesimama hapo nikishangaa, ndipo nikasikia nyuma yangu mtu akimwambia mwenziwe, kwa Kiswahili safi cha Unguja, kwamba beberu yule alikuwa na ugonjwa wa kwato na asithubutu kumnunua.

"Shikamoo, mzee," nikamwamkia kabla sijafikiri.

"Marahaba, mwanangu. Watoka bara au mwambao?"

Nikamweleza kwamba natoka Kenya, upande wa bara, karibu na ziwa, na kwamba kazi yangu ni kufundisha Historia. Naye akanieleza habari zake. Alizaliwa Unguja, akaondoka na wazazi wake baada ya mapinduzi ya mwaka 1964, wakatangatanga, kisha wakaingia Oman baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970 na kuwaita nyumbani Waomani waliotawanyika ugenini. Watu wa historia kama hiyo ni wengi huko, na ndiyo maana Kiswahili husikika madukani na majumbani.

"Alhamdulillahi, nimempata mwalimu," akasema. "Basi utanijibu. Nilipokuwa mtoto tulisafiri na marehemu baba, meli ikatia nanga Mombasa. Baba akanichukua hadi kwenye ngome. Wakati huo ilikuwa jela, askari hawakuturuhusu kuingia. Nakumbuka ukuta tu. Sasa niambie, mwanangu: ukisimama juu ya ukuta ule ukaelekea baharini, waona nini?"

Nilifungua kinywa, nikakosa la kusema. Msomaji, mimi tarehe zote za Ngome ya Yesu nilizijua. Nilijua kwamba Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, kwamba Waomani waliizingira Machi 1696 na kuitwaa Desemba 1698, kwamba Waingereza waliigeuza gereza na kwamba mwaka 1960 ilifunguliwa kuwa makumbusho. Nilikuwa nimeyaandika hayo ubaoni mwaka baada ya mwaka, na wanafunzi wangu wakayaandika kwenye karatasi za mtihani na kupata alama. Fauka ya hayo, nilikuwa nimewapeleka wanafunzi Mombasa mara mbili. Lakini mara zote mbili nusu ya siku ilikwenda ufuoni, nusu nyingine ikaishia madukani, na ngome tuliiona kupitia dirisha la basi huku dereva akipiga honi tusichelewe.

Nikamwambia ukweli kwamba sijapata kuingia ndani. Mzee hakunicheka. Alinitazama kwa upole, akasema: "Basi sote wawili tuliishia ukutani. Lakini mimi nilizuiwa na askari. Wewe ulizuiwa na nani?"

Nilitoka hapo nikapanda mnara wa ngome ya Nizwa nikiwa na swali hilo kichwani. Ni mnara wa duara, mnene ajabu, uliojengwa karne ya 17 na Imamu Sultan bin Saif wa ukoo wa Yaarubi, na husemwa kwamba ujenzi wake ulichukua miaka 12. Juu ya milango yake mna matundu ambamo walinzi waliwamwagia maadui asali ya tende iliyochemshwa. Imamu huyo ndiye aliyewafukuza Wareno kutoka Muscat mwaka 1650. Mwanawe, Imamu Saif bin Sultan, ndiye aliyekuwa akitawala majeshi ya Oman yalipoitwaa ngome ya Mombasa. Hivyo basi, baba ndiye aliyeujenga mnara niliokuwa nimesimama juu yake, na majeshi ya mwana ndiyo yaliyozishinda kuta nilizozipita mimi kwa basi. Katika kitabu changu cha kufundishia habari hizi mbili zilikuwa katika kurasa mbalimbali, na kwa miaka 11 sikuwahi kuziunganisha.

Tangu siku hiyo sikulala tena mwisho wa juma. Nilikwenda Sur, mji wa mashariki uliosifika kwa uundaji wa majahazi, nikawatazama mafundi wakichonga mbao za ubavu wa chombo. Ukiona vyaelea vimeundwa. Methali hiyo nilikuwa nimeifafanua darasani mara nyingi, ila sikuwa nimeona hata siku moja kinachoelea kikiundwa. Hapo Sur limehifadhiwa jahazi liitwalo Fatah al-Khair, lililoundwa mwaka 1951. Vyombo vya namna hiyo ndivyo vilivyokuja kwetu na upepo wa kaskazi vikiwa na tende na chumvi, vikarudi na kusi vikiwa na boriti za mikoko. Sikusahau kwamba zamani katika bahari hiyo hiyo walipakiwa pia watu wa bara, babu na bibi za watu kama mimi, wakauzwa kama bidhaa. Nilisimama mbele ya ubavu wa jahazi lile nikastaajabia ufundi na nikaona uchungu kwa wakati mmoja. Hilo nalo sikuwahi kulipata katika kitabu.

Jambo jingine nililojifunza ni kwamba kuwa na macho hakutoshi. Jumamosi moja tulikwenda Wadi Shab, bonde jembamba lenye maji ya kijani, kati ya Muscat na Sur. Mgeni huvushwa kwa mashua mwanzoni, kisha hutembea na mwisho huogelea hadi kwenye pango lenye maporomoko ya maji. Siku hiyo mbingu juu yetu ilikuwa kavu, haina doa. Mwenye mashua akakataa kutuvusha. Tulimsihi, tukamwonyesha jua, mmoja wetu akaanza kumkaripia. Yeye akanyosha kidole tu kuelekea milimani, ambako kulikuwa na wingu moja la kijivu ambalo hakuna aliyelijali. Haikupita saa moja, maji yale ya kijani yakageuka rangi ya udongo, yakapanda na kuja kwa kishindo, yakisukuma magogo na mawe. Kumbe mvua ilikuwa imenyesha milimani, mbali na macho yetu. Kama angetutii, pengine nisingekuwa naandika makala haya.

Sote tulikuwa walimu, na miongoni mwetu alikuwamo wa Jiografia. Aliyetuokoa ni mtu aliyelisoma bonde lile tangu utotoni. Mgeni anayetembea bila kumsikiliza mwenyeji huona sura ya nchi bila kuielewa.

Nilirejea Kenya mwaka 2016, na swali la mzee wa Nizwa likarejea nami. Nilizuiwa na nani? Nilijaribu kumlaumu mwalimu mkuu, mtihani, ukosefu wa fedha. Kisha nikaipiga ile hesabu ya mwalimu wa Hisabati. Miaka 11 ina miisho ya juma zaidi ya 570. Shuleni kwangu hapakuwa mbali na Thimlich Ohinga, kule Migori, ambako wazee walijenga maboma kwa mawe matupu yaliyopangwa bila udongo wala chokaa, kuta nyingine zikizidi mita nne kwa kimo. Inakisiwa kwamba zilijengwa karne ya 16, yaani kabla ya mnara wa Nizwa kuwekwa jiwe la kwanza. Mwaka 2018 UNESCO iliziorodhesha katika urithi wa dunia. Mimi niliyesafiri kilomita 160 kwenda kuona mawe ya Waomani, sikuwa nimekwenda kuyaona mawe ya jirani zangu. Penye miti, wasemavyo, hapana wajenzi.

Sababu yake naiona sasa. Ugenini mtu hujua kwamba siku zake zimehesabiwa, kwa hiyo huzitumia. Nyumbani hujidanganya kwamba siku hazina mwisho. Ngome haitahama, mzee wa kijiji yupo, tutakwenda mwakani. Lakini wazee hufariki na habari zao, na wanafunzi wa kidato cha nne huondoka kila mwaka. Mkataba wetu nao una mwisho, ingawa hatukuandikiwa tarehe yake.

Simwambii mwalimu yeyote aende Oman. Najua karo hazilipwi kwa wakati na kukodi basi ni mzigo. Nasema safari ya masomo ianzie mahali panapofikika kwa miguu: mwamba wenye jina, mti wa matambiko, soko kongwe, kaburi la mtu aliyetajwa kitabuni. Nasema pia kwamba kila safari iwe na swali litakalojibiwa kule tuendako. Tena wanafunzi wamsikilize mwenyeji kabla ya kupiga picha. Safari isiyo na swali ni matembezi ya kubadilisha hewa, na hayo hayana dhambi, ila tusiyaite masomo.

Mimi mwenyewe nilianza na Thimlich Ohinga, kisha mwaka uliofuata nikawapeleka wanafunzi 34 Mombasa. Safari hii basi lilisimama. Tuliona michoro ya merikebu waliyoiacha Wareno ukutani, tukaingia katika Nyumba ya Waomani iliyo ndani ya ngome, ndipo nikawapandisha juu na kuwauliza swali la mzee. Waliandika waliyoyaona: mkondo wa bahari, mkono wa kushoto njia ya kuingilia Bandari ya Kale, na ng'ambo ya maji majengo ya Nyali. Msichana mmoja akaongeza kwamba sasa ameelewa kwa nini walijenga hapo, kwani hakuna chombo ambacho kingeingia bandarini bila kuonekana. Jambo hilo nilikuwa nimelisema darasani miaka 11, na hakuna aliyewahi kulirudia kwa sauti ya mtu aliyeshtuka.

Jioni hiyo nilimtumia mzee majibu yao kupitia simu ya mwanawe. Alishukuru, akauliza kama ng'ambo ile bado kuna minazi. Nilikuwa nimeona, kwa hiyo niliweza kumjibu.