Tangi la Samaki Ligeukapo Kijani

Walimu na wanafunzi wafugao samaki katika tangi la kioo wana shitaka moja, nalo ni hili: maji hugeuka kijani. Mwanzo tangi hupendeza. Mchanga waonekana, samaki waonekana, na majani ya majini yasimama wima. Baada ya majuma mawili au matatu kioo hushikwa na utando wa kijani, majani hufunikwa na nyuzi kama pamba, na pengine maji yote huwa kama mchuzi wa mchicha. Watu husema, "Tangi limechafuka," kisha huchukua ndoo na kumwaga kila kitu.

Nasi tulifanya hivyo. Katika chuo cha ualimu tufundishamo tuliweka tangi dirishani, upande wa mashariki, ili jua la asubuhi liwamulike samaki. Tukatia perege wadogo 12 na mashina machache ya majani. Wanafunzi walipenda mno kuwalisha; kila apitaye alitupa kipande cha mkate au tonge la ugali. Maji yalipogeuka kijani tuliyamwaga yote, tukaosha mchanga kwa maji ya moto mpaka ukang'aa, tukajaza maji mapya. Siku ya nne tulikuta perege 5 wanaelea, wamekufa. Na kabla juma la pili halijaisha, ule ukijani ulikuwa umerudi, tena mzito kuliko wa kwanza.

Kosa letu lilikuwa kudhani ya kuwa ule ukijani ni uchafu. Sio uchafu, ni mimea midogo sana, iitwayo mwani kama ule wa baharini, nayo hutaka yale yatakiwayo na kila mmea, yaani mwanga na mbolea. Mwanga tuliutoa wenyewe dirishani. Na mbolea je? Chakula kisicholiwa huoza, na samaki naye hutoa choo na mkojo. Humo hupatikana amonia, ambayo ni sumu kali kwa samaki. Lakini katika mchanga hukaa vijidudu vyema, visivyoonekana kwa macho, vigeuzavyo amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitriti kuwa nitrati. Nitrati haiwadhuru sana samaki, bali ni mbolea, jamaa ya ile tununuayo kwa magunia kutia mashambani. Katika tangi jipya vijidudu hivi huchukua kama mwezi mmoja, au majuma sita, kabla ya kutosha kwa kazi yao. Sisi tuliviua vyote kwa maji ya moto kwa asubuhi moja. Basi amonia ikazidi, perege wakafa, na mwani ukaendelea kula.

Mkulima atatuelewa upesi. Shamba lililolimwa, likatiwa samadi, kisha likaachwa bila mbegu, litaota nini? Magugu. Nasi tulikuwa na shamba la namna hiyo, lenye mashina machache tu katika mchanga mtupu.

Habari hii si mpya. Mwaka 1849 mkemia mmoja wa London, Robert Warington, alitia samaki wa dhahabu wawili katika chombo chenye ujazo wa galoni kama 12, pamoja na mmea uitwao Vallisneria, wenye majani marefu kama utepe. Samaki waliishi vizuri, lakini majani makuukuu yalioza, maji yakafifia, na utando wa kijani ukashika kioo. Hakuyamwaga maji. Alitia konokono wa majini watano au sita, nao wakala majani yaliyooza na ule utando, na maji yakatakata. Mwaka 1850 akachapisha habari zake.

Jamii ya mmea huo huota pia katika maziwa yetu ya Afrika ya Mashariki, na pamoja nao mwingine usio na mizizi, wenye majani membamba kama ya mvinje, ambao wataalamu huuita Ceratophyllum. Huo wa pili twausifu zaidi, kwa kuwa hukua upesi na kula mbolea nyingi majini kabla mwani haujaifikia. Jazeni tangi tangu siku ya kwanza, hata mchanga uonekane kwa shida.

Ama konokono, hapa hapana budi tuseme kwa nguvu. Katika mito na maziwa yetu wako konokono wachukuao kichocho, na mtu huambukizwa kwa ngozi kugusa maji tu. Kwa hiyo msiingie majini kwa miguu mitupu kuwatafuta, wala msiwatie tangini wale wakubwa wa mtoni. Mtoto wa konokono hazaliwi na ugonjwa huo. Basi afaaye ni yule aliyeanguliwa nyumbani, katika maji safi. Na asipopatikana, mkono wenye kitambaa utakwangua kioo.

Tangi likae mbali na dirisha. Kama lina taa ya umeme, iwake saa nane kwa siku, isizidi. Samaki wapewe chakula wakimalizacho kwa dakika mbili. Kila juma toeni robo ya maji, mtie mengine; na yakiwa ya bomba, yalale ndooni siku moja kwanza ili dawa ya klorini ipungue. Mchanga msiuoshe. Maji yakiwa kijani kibichi kabisa, lifunikeni tangi kwa blanketi siku tatu au nne bila kuwalisha samaki, kisha mbadilishe nusu ya maji, maana mwani uliokufa huoza.

Wako washauriao kutia mrututu. Ni kweli huua mwani, lakini huua konokono pia na kuwadhuru samaki. Tena mwani mwingi ukifa kwa mara moja hula oksijeni yote majini. Hata ulio hai huvuta oksijeni usiku. Mkiwaona samaki wakihema juu ya maji alfajiri, sababu yaweza kuwa hiyo.

Tangi letu sasa liko ukutani, penye kivuli, na zamu ya kulisha ni ya mwanafunzi mmoja tu kwa juma. Wale perege 7 waliobaki walikua hata tukawahamishia bwawani, na mahali pao wamo wengine wadogo. Kila Jumamosi twakwangua kioo cha mbele. Cha nyuma twakiacha na utando wake, kwa kuwa tumewaona perege wakija kuula.