Historia na Ubunifu katika Filamu ya King Solomon's Mines (1950)

1.0 Utangulizi

Filamu ya King Solomon's Mines, iliyotolewa na kampuni ya MGM mwaka 1950, inatokana na riwaya ya H. Rider Haggard ya mwaka 1885. Wasomaji wa Kiswahili walikwisha kuifahamu hadithi hiyo kwa tafsiri ya Frederick Johnson, Mashimo ya Mfalme Sulemani (1929). Makala haya yanajadili makosa mawili ya kihistoria katika filamu hiyo. Ni kweli kwamba sanaa haifungwi na matukio halisi. Hata hivyo, inapotaja mwaka maalumu na kuonyesha jamii iliyopo, hapana budi ipimwe kwa historia ya jamii hiyo.

2.0 Sulemani na Almasi

Hazina inayosakwa ni almasi. Kitabu cha Kwanza cha Wafalme chataja dhahabu, misandali na vito kutoka Ofiri, lakini hakitaji machimbo ya almasi. Almasi hizo ni za zama za Haggard mwenyewe, ambaye alifika Afrika Kusini mwaka 1875, miaka minne tu baada ya uchimbaji kuanza Kimberley.

Dhana ya kuwa watu wa zama za Sulemani walifika kusini mwa Afrika ilitiliwa nguvu na Karl Mauch, aliyeyaona magofu ya Zimbabwe Kuu mwaka 1871 na kuyahusisha na Malkia wa Sheba. Uchunguzi wa David Randall-MacIver (1905) na Gertrude Caton-Thompson (1929) ulionyesha kuwa wajenzi walikuwa Waafrika. Kuta hizo zilijengwa kati ya karne ya 11 na ya 15 B.K., ilhali Sulemani huwekwa katika karne ya 10 K.K.

3.0 Rwanda ya Mwaka 1897

Riwaya inaanzia Natal. Filamu imeihamishia hadithi Afrika Mashariki, mwaka 1897. Nchi ya Umbopa, mrithi halali anayempokonya Twala kiti cha enzi, imeigizwa na Watutsi wa Rwanda, kwa mavazi na ngoma zao. Mtazamaji huonyeshwa bara lisilojulikana, ambako wageni watatu wa Kizungu wanashuhudia mfalme halali akirejeshwa.

Historia yasema vingine. Gustav Adolf von Götzen alikwisha kupita Rwanda mwaka 1894 na kuonana na Mwami Kigeli IV Rwabugiri. Rwabugiri alifariki mwaka 1895. Mrithi wake, Mibambwe IV Rutarindwa, alipinduliwa Rucunshu mwaka 1896 na kupoteza maisha. Utawala ulimwangukia kijana Yuhi V Musinga, huku mama yake Kanjogera na mjomba wake Kabare wakishika hatamu. Machi 1897 Kapteni Ramsay alifika katika ikulu hiyo kwa niaba ya Wajerumani. Kwa hiyo mgogoro wa urithi ulikuwapo kweli, ila uliamuliwa na Wanyarwanda wenyewe, na mshindi hakuwa mrithi aliyeteuliwa.

4.0 Hitimisho

Makosa haya mawili yana shina moja. La kwanza lategemea dhana iliyowanyima Waafrika kazi ya mikono yao; la pili lafuta siasa zao katika mwaka ule ule unaotajwa. Wanaofundisha riwaya hii, ama kwa Kiingereza ama kwa tafsiri ya Johnson, wanaweza kuitumia filamu kama kielelezo cha namna dhana za karne ya 19 zilivyoendelea kuishi katika sanaa ya karne ya 20.