Kuruka Bila Injini Juu ya Nainokanoka: Kambi ya Marubani Ingepangwaje?

Mtu asimamaye Nainokanoka yapata saa nne asubuhi, ukungu ukiwa umekwisha kuinuka kwenye miteremko ya mlima Olmoti, huweza kuona jambo ambalo wenyeji wamelizoea hata hawaliangalii tena. Tumbusi mmoja huinuka kutoka chini, hupiga mabawa mara chache, kisha huyanyosha na kuanza kuzunguka. Hapigi bawa tena, na hata hivyo kila mzunguko humpandisha juu zaidi. Baada ya muda amekuwa nukta angani. Ndipo aachapo kuzunguka na kunyosha njia kuelekea magharibi, kwenye tambarare za Serengeti wanakolisha nyumbu. Kabla ya jioni huenda akawa amekwenda kilomita mia moja na zaidi, na nguvu aliyoitumia ni ndogo mno, kwa kuwa aliyembeba ni jua.

Binadamu naye hufanya vivyo hivyo kwa kutumia ndege isiyo na injini, ambayo marubani huiita glaida. Ndege hii huvutwa hadi juu na ndege nyingine, au hupandishwa kwa kamba ndefu inayokunjwa na winchi, kisha huachiliwa. Tangu hapo huwa inashuka daima katika hewa inayoizunguka. Ikiwa hewa yenyewe inapanda kwa kasi kuliko glaida inavyoshuka ndani yake, basi rubani hupanda. Hewa hiyo hupanda kwa sababu ardhi iliyopigwa na jua huipasha moto hewa iliyo juu yake, nayo ikiwa nyepesi huinuka katika mkondo mwembamba kama moshi wa jiko. Wakati ipandapo hupoa kiasi cha nyuzi 1 ya Selsiasi kwa kila mita 100, na mahali mvuke wake ugeukapo matone hutokea wingu jeupe lenye kitako bapa. Mawingu hayo ndiyo alama za njia za rubani.

Kwenda kutoka mkondo hadi mkondo, mbali na kiwanja ulikotokea, ndiko kuitwako kuvuka nchi. Chama cha Kimataifa cha Michezo ya Anga, FAI, hutoa nishani ya fedha kwa rubani aliyekwenda kilomita 50, akakaa hewani saa 5, na akapata kimo cha mita 1,000 baada ya kuachiliwa. Nishani ya dhahabu hudai kilomita 300 na kimo cha mita 3,000. Kambi za mafunzo ya kuvuka nchi huwekwa ili kumwandaa rubani kwa safari za namna hiyo chini ya uangalizi wa wakufunzi.

Tuchukue basi zoezi la kufikiri. Tuseme klabu moja inataka kuweka kambi ya wiki mbili hapo Nainokanoka, kijiji kilicho katikati ya kreta ya Ngorongoro na ile ya Olmoti. Anga ni nzuri, na ndege wakubwa wamekwisha kuthibitisha kwamba mikondo ipo. Je, tuwakubalie?

Ushahidi wa ndege hao si wa kukisia. Mwanazuolojia Mwingereza Colin Pennycuick, aliyefanya kazi Nairobi na baadaye katika taasisi ya utafiti ya Serengeti mwanzoni mwa miaka ya 1970, aliwafuata tumbusi, korongo na mwari angani kwa kutumia glaida yenye injini ndogo ya kupandia, aina ya ASK-14. Alizima injini akaruka sambamba nao, na matokeo yake akayachapisha mwaka 1971 na 1972. Alikadiria kwamba tumbusi mgongo-mweupe, katika hali yake bora, husonga mbele yapata mita 15 kwa kila mita 1 anayoshuka. Glaida yake ilisonga mita 28. Mtu angedhani basi ndege wa mbao na kitambaa angemwacha mbali ndege wa manyoya. Sivyo. Tumbusi hugeuka katika duara dogo zaidi, hata akaweza kupanda ndani ya mkondo mwembamba ambao glaida haiwezi kuenea, na alichopoteza katika kunyoka hukirudisha katika kuzunguka.

Hiyo tarakimu 28 ndiyo uti wa mgongo wa mpango wote wa kambi, na mwalimu aweza kuifafanua darasani kwa karatasi tu. Wanafunzi watengeneze ndege za karatasi, wazirushe kwa utulivu kutoka kimo cha mita 2 ndani ya jengo lisilo na upepo, wapime umbali hadi ilipoangukia, kisha wagawanye umbali kwa kimo. Nyingi zitatoa 3 au 4, na itakayofika 6 imetengenezwa vizuri. Warudie mara kumi kwa kila ndege, maana jaribio moja halisemi kitu.

Sasa turudi kijijini. Nainokanoka iko yapata mita 2,500 juu ya usawa wa bahari. Upande wa kusini, kilomita 35 hivi kwa mstari ulionyooka, uko mji wa Karatu, yapata mita 1,500. Kati yao mna kreta ya Ngorongoro na msitu wa nyanda za juu, mahali ambapo glaida haina pa kutua kwa usalama. Tuseme mwanafunzi amepanda hadi mita 4,000. Tofauti ya kimo ni mita 2,500, na mara 28 ni kilomita 70. Safari inaonekana rahisi! Lakini mkufunzi mwenye busara hahesabu 28. Huhesabu nusu yake, 14, kwa kuwa kati ya mikondo inayopanda kuna hewa inayoshuka, na upepo hauulizi mtu anakwenda wapi. Tena hubakiza mita 300 za kuzungukia kiwanja kabla ya kutua. Zinasalia mita 2,200, na mara 14 ni kilomita 30.8. Mwanafunzi wetu angekwisha kimo juu ya miti, zikiwa zimebaki kilomita 4. Ili aondoke kwa haki anahitaji mita 4,300.

Na kimo hicho kina gharama yake. Kwa kawaida marubani huanza kutumia oksijeni ya mtungi wanapokaa juu ya mita 3,000 hivi, kwa sababu ubongo uliopungukiwa na oksijeni hukosa hukumu nzuri, na mwenyewe asijue kwamba ameikosa. Katika kambi iliyo karibu na usawa wa bahari, kimo hicho huwa ni bahati ya siku njema. Hapa rubani hukifikia akiwa amepanda mita 500 tu kutoka uwanjani. Kila glaida ingehitaji mtungi, na mitungi huhitaji mahali pa kujaziwa.

Wembamba wa hewa hudhuru hata chini. Katika kimo cha mita 2,500, siku yenye joto la nyuzi 20, uzito wa hewa kwa kila mita ya ujazo ni kama asilimia 73 ya ule wa kawaida wa pwani. Ili mabawa yabebe mzigo uleule, ndege lazima iende kwa kasi zaidi ya asilimia 17. Glaida inayotua kwa kilomita 75 kwa saa huko pwani itagusa ardhi ya Nainokanoka kwa kilomita 88. Kipimo cha kasi kitaendelea kuonyesha 75, kwa kuwa chenyewe hupima msukumo wa hewa wala si mwendo juu ya ardhi. Hapo ndipo wageni wa milimani hudanganyika. Nishati ya mwendo, ambayo breki na nyasi lazima ziimalize, imeongezeka zaidi ya thuluthi. Injini ya ndege ya kuvuta nayo, ikiwa ni ya kawaida, imepoteza zaidi ya robo ya nguvu zake. Kiwanja kilichotosha pwani hakitoshi hapa.

Je, upande wa magharibi, waendako tumbusi? Huko mna tambarare za majani mafupi, na kwa macho ya rubani nchi nzima ni kiwanja. Lakini upepo wa eneo hili hutoka zaidi mashariki. Hupanda miteremko ya mashariki, huacha mvua msituni, kisha huteremka upande wa pili ukiwa mkavu. Ndiyo sababu Olduvai ni kame ilhali Nainokanoka ni mbichi. Glaida iendayo magharibi huingia kwanza katika hewa hiyo inayoteremka, na ikikosa mkondo haina njia ya kurudi kinyume cha upepo. Tena, yapata Desemba hadi Machi nyumbu hujaa katika tambarare hizo, na kutua katikati yao ni hatari kwa pande zote mbili.

Wala anga si tupu. Tarehe 10 Januari 1959 Michael Grzimek, aliyekuwa akihesabu wanyama wa Serengeti pamoja na baba yake Bernhard, alikufa baada ya ndege yake ndogo kugongana na tumbusi. Kaburi lake liko ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro. Tumbusi wa Rüppell, ambaye huzaa katika majabali ya milima ya Gol, aligongwa na ndege ya abiria juu ya Abidjan tarehe 29 Novemba 1973 katika kimo cha mita 11,300. Leo hasara ya upande wa pili ni kubwa vilevile: tangu 2015 yeye na mgongo-mweupe wamo katika orodha ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka, hasa kwa sababu ya sumu. Kambi isingekuwa na haki ya kuwaongezea adui.

Liko pia jambo ambalo vitabu vya urubani hulipitia haraka. Uwanda wa nyasi Nainokanoka si uwanja mtupu unaongoja ndege. Ni malisho ya ng'ombe wa Wamaasai. Kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga na cha Mamlaka ya Hifadhi ya Ngorongoro visingetosha pasipo kukaa na wazee wa kijiji na kukubaliana ni saa zipi mifugo ipite na ni zipi kamba ya winchi ivutwe.

Kwa maoni yangu, basi, kambi ingewekwa Karatu. Hewa ya huko ni nzito zaidi, barabara ya kupitishia trela iko karibu, na kwa upande wa Mbulu rubani angepata zaidi ya kilomita 50 juu ya nchi yenye mashamba, ambamo mara nyingi baada ya mavuno huonekana mahali pa kushukia. Upepo wa mashariki unaogonga ukuta wa Bonde la Ufa juu ya Ziwa Manyara ungetoa hewa ya kupanda hata jua lisipokuwa kali. Mkufunzi angeanza kwa kuwatembeza wanafunzi kwa miguu katika mashamba hayo, wakipima urefu, mteremko na mashimo, kabla hata kamba haijafungwa. Wiki ya kwanza wangeruka wawili wawili, na hakuna ambaye angeruhusiwa kutoka nje ya masafa ya kurudi uwanjani.

Nainokanoka nayo ingekuwa na kazi katika kambi hiyo. Mwanafunzi mwenye saa, kipimajoto na daftari aweza kuandika kila asubuhi saa ukungu unapoinuka, joto la wakati huo, na dakika tumbusi wa kwanza anapoacha kupiga mabawa na kuanza kuzunguka. Habari hiyo ikipelekwa Karatu kwa simu, rubani mkuu angejua kwamba mikondo ya nyanda za juu imeamka, na glaida ya kwanza ingesukumwa hadi mwanzo wa uwanja.