Chaja inatoa volti za ajabu? Usikimbilie kubadilisha regyuleta

Wadau, hili limenitoa hela. Hapa Sumbawanga natengeneza chaja za simu za kutumia betri ya sola ya volti 12, ndani naweka regyuleta ya 7805. Nauza mtandaoni, mzigo natuma kwa basi. Siku moja mteja wa Laela akapiga: "Kaka, chaja yako imeua simu yangu."

Iliporudi nikaipima: volti 10 na ushee badala ya 5! Nikabadilisha 7805, bado ileile. Kumbe njia ya hasi, ya mguu wa katikati, ilikuwa imeachia kwenye bodi. Ikiachia hapo, karibu volti zote za betri zinapita. Simu nililipa, ndo hivyo.

Sasa waya mweusi wa mita naushika kwenye hasi ya betri, sio kwenye bodi. Maandishi yakikutazama, mguu wa kushoto ni wa kuingiza, wa katikati usome 0, wa kulia 4.8 hadi 5.2. Ukisoma chini, angalia kwanza zinazoingia. Zisipofika 7, tatizo ni betri.

Ikianza vizuri halafu ikashuka simu ikichomekwa, ni joto. Volti 7 zinazobaki, simu ikivuta nusu ampea, ni wati 3.5 za moto. Bila bati la kupoozea inajizima, hata kwa baridi yetu hii ya Ufipa.

Siku hizi napima simu ikiwa imechomekwa, napiga picha ya mita, namtumia mteja kabla mzigo haujapanda basi.